Hewa moto, majani makavu: Jinsi maabara inavyokausha sampuli za chai

ALFAJIRI katika mtaa wa Majengo, Pumwani, jijini Nairobi, sufuria ya chai hutangulia motoni kabla ya shughuli nyingine yoyote. Wachuuzi wa soko jirani la Gikomba wanapoanza kufungua marobota ya mitumba, chai ya maziwa na mahamri huwa tayari mezani.

Mnywaji hutazama rangi ya chai hiyo na kuionja. Ikiwa nyepesi, au ina ladha ya kuungua, lawama humwendea mpishi. Ni nadra mtu kufikiri kwamba uzuri au ubaya wa kikombe hicho ulianza kuamuliwa miaka mingi iliyopita, katika maabara ya Kericho, ndani ya chombo kidogo cha chuma kinachopuliza hewa moto kutoka chini kwenda juu.

Chombo hicho ni kikaushio cha tabaka linaloelea. Kazi yake ni kuondoa maji katika sampuli, yaani kiasi kidogo cha majani, nafaka, udongo, makaa ya mawe au chembe za dawa, ili sampuli hiyo ichunguzwe ikiwa kavu.

Kwa jicho la haraka kazi hiyo yaonekana ndogo. Hata hivyo, ikifanywa vibaya, vipimo vyote vinavyofuata huwa vya uongo. Kwa upande wa chai, mkulima anayetegemea vipimo hivyo huenda akapanda kosa litakalodumu shambani mwake zaidi ya nusu karne, kwani huo ndio umri wa mchai unaotunzwa vyema.

Maji yanayojificha

Karibu kila kitu kitokacho shambani hubeba maji yasiyoonekana. Jani bichi la chai lina maji kati ya asilimia 75 na 80 ya uzito wake. Ndiyo sababu huhitajika takriban kilo nne na nusu za majani mabichi ili kupata kilo moja ya majani makavu ya kupikia.

Maji hayo hubadilika kila siku. Majani yaliyochumwa baada ya mvua huwa mazito kuliko yaliyochumwa wakati wa jua kali, ingawa yametoka kwenye mchai mmoja. Mtaalamu anayetaka kulinganisha michai miwili hana budi kwanza kuyaondoa maji, la sivyo atakuwa akilinganisha hali ya hewa.

Kwa nafaka, suala la maji linahusu uhai wenyewe. Viwango vinavyotumika Afrika Mashariki haviruhusu mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5. Mahindi yanayohifadhiwa yakiwa na maji mengi kuliko hayo huota kuvu, na baadhi ya kuvu hao hutoa sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004, sumu hiyo iliwaathiri watu 317 wanaojulikana, hasa katika maeneo ya Makueni na Kitui, na 125 miongoni mwao walifariki.

Hesabu ya unyevu nayo ina mtego wake. Chukua gramu 100 za majani ya chai yaliyonyaushwa, yenye gramu 70 za maji na gramu 30 za jani lenyewe. Ukilinganisha maji na uzito wote, unyevu ni asilimia 70. Ukilinganisha maji na jani kavu peke yake, unyevu huwa asilimia 233. Hesabu zote mbili ni sahihi, na zote hutumika katika vitabu vya kitaalamu. Anayesoma ripoti bila kuuliza ni ipi iliyotumika anaweza kupotoka vibaya.

Kuanikia juani na kuoka

Njia ya kale kabisa ya kukausha ni kuanika juani. Haina gharama, na kwa mkulima wa kawaida ingali muhimu. Kwa maabara, lakini, jua halifai sana. Halichomozi kwa nguvu ile ile kila siku, vumbi huingia, na sampuli ya leo haiwezi kukaushwa sawasawa na ya mwezi ujao.

Njia ya pili ni joko la maabara. Sampuli hupimwa kwenye mizani, ikatandazwa katika kibati, ikaachwa ndani ya joko kwa saa kadhaa, kisha ikapimwa tena. Uzito uliopungua huhesabiwa kuwa maji. Kanuni ya kimataifa ya kupima unyevu wa chai huagiza nyuzi 103 za Selsiasi kwa muda wa saa sita.

Joko lingali hakimu wa mwisho pale panapotokea mzozo wa viwango. Kasoro yake ni mwendo wake. Hewa iliyo ndani hupita juu ya sampuli badala ya kupenya katikati. Chembe za juu hukauka mapema huku za chini zikiwa bado mbichi. Kwa majani ya chai yanayosubiri kuonjwa, kuchelewa huko huharibu kila kitu, kama itakavyoelezwa.

Tabaka linalochemka bila maji

Kanuni ya kikaushio cha tabaka linaloelea yaweza kueleweka kwa kutazama jiko la makaa la kawaida. Ndani ya jiko hilo kuna bakuli la udongo wa kuchomwa lenye matundu chini. Hewa hupanda kupitia matundu hayo na kuyafikia makaa yote kwa pamoja. Majiko ya aina hiyo yalianza kutengenezwa na mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo, jirani na Majengo, katika miaka ya 1980.

Sasa weka mahali pa makaa chembe ndogo za majani mabichi, na badala ya hewa inayojipandia yenyewe, tumia feni yenye nguvu. Feni ikizunguka polepole, hewa hupenya katikati ya chembe bila kuzisogeza. Kasi ikiongezwa, msukumo wa hewa huongezeka pia, hadi unapolingana na uzito wa chembe zote zilizo juu ya bamba.

Hapo ndipo mambo hubadilika. Chembe huachana, kila moja ikabebwa na hewa, na tabaka zima likaanza kutenda kama kimiminika. Uso wake hujisawazisha kama maji ndani ya beseni. Kitu chepesi kikitupwa humo huelea, na kizito huzama. Kasi ikizidi kidogo, mapovu ya hewa hupanda na kupasuka juu, mfano wa uji unaotokota. Ikizidi mno, chembe hupeperushwa zote nje.

Mtu aliyewahi kupepeta nafaka kwa ungo anaijua kanuni hiyo. Makapi huchukuliwa na upepo kwa sababu ni mepesi, nayo punje hubaki. Fundi wa kikaushio huitafuta kasi iliyo katikati, ambapo hakuna kinacholala na hakuna kinachopeperuka.

Faida ya hali hiyo ni kwamba kila chembe huzungukwa na hewa moto pande zote, huku ikigeuzwageuzwa bila kuguswa na mwiko. Kwa sababu hiyo sampuli hukauka kwa usawa, na kazi ya saa kadhaa mara nyingi hukamilika kwa dakika chache.

Kilichomo ndani ya chombo

Kikaushio cha maabara huwa na ukubwa wa kuweza kuwekwa mezani. Chini kabisa kuna feni inayovuta hewa ya chumba kupitia chujio. Juu yake kuna waya za kupasha joto pamoja na kidhibiti kinacholinda joto lisipande wala kushuka. Kisha huja bamba lenye matundu madogo, na juu ya bamba hilo kopo refu la chuma au kioo ambamo sampuli hutiwa.

Mdomo wa kopo hufunikwa kwa mfuko wa kitambaa. Mfuko huo huachilia mvuke utoke huku ukizuia vumbi la sampuli lisipotee. Jambo hili si la kupuuzwa. Ikiwa sampuli ya gramu 50 ina maji gramu moja na nusu, unyevu wake ni asilimia 3. Endapo gramu moja ya vumbi itapenya na kutoroka, mizani itaonyesha upungufu wa gramu mbili na nusu, na ripoti itasema unyevu ni asilimia 5.

Aidha, sampuli hupungua uzito kadiri inavyokauka. Kasi ya hewa iliyofaa mwanzoni huwa kubwa mno mwishoni. Fundi mwenye uzoefu huanza na hewa nyingi ili kutenganisha chembe zilizoshikana kwa maji, kisha huipunguza hatua kwa hatua.

Hatua mbili za kukauka

Kukauka hutokea kwa hatua mbili. Katika hatua ya kwanza, uso wa kila chembe ungali umelowa. Joto lote linaloingia hutumika kugeuza maji kuwa mvuke, na kwa hivyo chembe yenyewe haipati moto sana hata kama hewa inayoipiga imefikia nyuzi 120. Ni sawa na nguo mbichi kwenye kamba, ambayo hubaki baridi hata jua likiwa la utosini.

Hatua ya pili huanza uso unapokauka. Maji yaliyosalia hulazimika kusafiri kutoka ndani ya chembe hadi nje, na mwendo wake ni wa polepole. Joto la chembe huanza kupanda, na hewa inayotoka juu ya kopo huwa moto zaidi. Fundi akitazama kipimajoto cha hewa hiyo hutambua kwamba kazi inakaribia mwisho.

Makosa mengi hufanyika hapa. Anayetoa sampuli mapema huacha maji ndani yake. Anayeichelewesha huiunguza. Njia ya uhakika ni kupima uzito, kurejesha sampuli kikaushioni kwa dakika chache, na kupima tena hadi uzito usipobadilika.

Kiwanda kidogo cha Kericho

Chai ilipandwa nchini Kenya kwa mara ya kwanza Limuru mwaka 1903. Utafiti wake ulipata makao Kericho, ambako taasisi ya utafiti wa chai ya Afrika Mashariki ilihudumu hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali ilipovunjika mwaka 1977. Mwaka 1980 kazi hiyo ilichukuliwa na Wakfu wa Utafiti wa Chai nchini (TRFK), ambao baadaye uliingizwa chini ya Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo (KALRO), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2013.

Kazi kubwa ya kituo hicho imekuwa kutafuta michai bora. Mtafiti huchagua mchai mmoja wenye dalili njema, akaukuza kwa vipandikizi, kisha akaujaribu katika maeneo mbalimbali. Tangu utafiti huo uanze, aina zaidi ya 40 zimetolewa kwa wakulima.

Tatizo ni kwamba ubora wa chai hauwezi kujulikana kwa kutazama jani bichi. Sharti jani hilo lipitie hatua zote za kiwandani. Lakini kiwanda cha kawaida hushughulikia majani kwa tani, ilhali mchai mchanga unaojaribiwa hutoa majani machache tu.

Jibu lilikuwa kujenga kiwanda kidogo ndani ya maabara. Majani mawili na chipukizi huchumwa, yakanyaushwa kwa saa nyingi, kisha yakapitishwa katika mashine ndogo ya kuponda, kupasua na kukunja. Mashine ya aina hiyo ilibuniwa na William McKercher huko Assam, India, mwaka 1930, na ndiyo inayotoa chembe ndogo zinazopendwa na wapikaji wa chai ya maziwa.

Chembe hizo huachwa kwa muda wa takriban dakika 90 zibadilike rangi kutoka kijani hadi shaba. Wafanyakazi wa chai huiita hatua hii kuchachua, ingawa kisayansi ni vimeng'enya vya jani vinavyofanya kazi kwa msaada wa oksijeni ya hewani. Hapo ndipo huzaliwa theaflavini, inayoipa chai mng'ao na ukali, na tearubijini, inayoipa wekundu na uzito.

Hatimaye chembe hutiwa katika kikaushio kidogo cha tabaka linaloelea. Taarifa za utafiti zilizochapishwa na wataalamu wa Kericho hutaja hewa ya nyuzi 120 hivi, hadi unyevu unapofikia takriban asilimia 3. Sampuli ya gramu 100 iliyoingia na unyevu wa asilimia 70 hutoka ikiwa na uzito wa gramu 31 hivi.

Kikaushio kinapoweza kudanganya

Kazi ya joto katika chai ni mbili. Huondoa maji, na pia huzima vimeng'enya ili mabadiliko yasiendelee kupita kiasi. Kazi hizo mbili hazina budi kwenda pamoja.

Joto likiwa dogo au hewa ikiwa hafifu, vimeng'enya huendelea kufanya kazi ndani ya chembe vuguvugu, na chai hutoka imefifia kana kwamba imechemshwa na kuachwa. Joto likiwa kali mno mwanzoni, ngozi ya nje ya chembe hukauka na kuwa ngumu, ikafungia maji ndani. Chai kama hiyo huonekana kavu siku ya kwanza, lakini hupoteza ladha ghalani.

Baada ya kukaushwa, sampuli huenda kwa waonjaji na kwa wakemia wanaopima theaflavini. Hulinganishwa na chai ya aina zinazojulikana, kama vile TRFK 6/8, ambayo imekuwa kigezo cha ubora kwa miaka mingi.

Ulinganisho huo una maana tu iwapo sampuli zote zimekaushwa kwa joto moja, kasi moja na muda uliolingana. Kama mchai mmoja umekaushwa hadi asilimia 3 na mwingine ukaachwa na asilimia 6, mwonjaji hatakuwa akiihukumu michai tena. Atakuwa akimhukumu fundi wa kikaushio.

Uzito wa hukumu hiyo hauishii maabarani. Mchai mpya huchukua miaka mitatu au zaidi kabla ya kuchumwa vizuri. Aina ya TRFK 306/1, yenye majani ya zambarau, ilitolewa kwa wakulima mwaka 2011 baada ya utafiti wa zaidi ya miaka 20. Wakulima wadogo wanaouza majani kwa viwanda vilivyo chini ya KTDA wanazidi 600,000, na wengi wao wana mashamba yasiyoweza kung'olewa na kupandwa upya kila aina inapovunja matumaini.

Kutoka Ujerumani hadi viwanda vya dawa

Mbinu ya kuelea kwa chembe haikuanzia kwenye chai. Mjerumani Fritz Winkler aliivumbua katika miaka ya 1920 alipokuwa akitafuta njia ya kugeuza makaa ya mawe kuwa gesi. Mwaka 1942, kiwanda cha mafuta cha Baton Rouge, Marekani, kilianza kuitumia kuvunja mafuta mazito ili kupata petroli.

Baadaye watengenezaji wa dawa waliikumbatia. Dale Wurster wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, aliunda katika miaka ya 1950 njia ya kuvika vidonge utando huku vikielea hewani. Hadi leo, chembechembe zinazogandamizwa kuwa vidonge hukaushwa kwa vikaushio vya aina hii katika viwanda vingi duniani.

Viwanda vya chai navyo viliitumia mbinu hiyo kwa vikaushio vikubwa, hasa kwa kuwa chembe zilizopondwa ni ndogo na zinalingana. Kikaushio kidogo cha maabara kina faida hii ya ziada, kwamba kinaiga kile kitakachotokea kiwandani.

Mahali ambapo hakifai

Pamoja na sifa hizo, kikaushio hiki hakifai kwa kila kitu. Udongo wa mfinyanzi uliolowa hushikana na kuwa bonge, na hewa hupasua njia moja tu katikati yake. Vitu vyenye mafuta yanayonukia, kama karafuu na iliki, hupoteza mafuta hayo pamoja na maji, na mizani haiwezi kutofautisha.

Mbegu nazo huhitaji uangalifu. Mahindi ya mbegu yakipashwa joto linalozidi nyuzi 43 hivi, kiini chake huweza kufa hata kama punje inaonekana nzima. Mkulima atagundua msiba huo baada ya mvua kunyesha.

Hatari kubwa zaidi ni moto. Vumbi laini la unga au sukari likichanganyika na hewa huweza kulipuka kwa cheche ndogo. Ndivyo ilivyo pia kwa sampuli iliyoloweshwa kwa spiriti. Kwa sababu hiyo chombo huunganishwa na ardhi kwa waya ili umeme wa msuguano usijikusanye, na vitu vyenye mvuke unaowaka havitiwi ndani isipokuwa kwa vyombo vilivyoundwa mahususi.

Kikombe kinaporudi mezani

Majani yanayotiwa sufuriani Majengo yamepitia mikono mingi, ikiwemo ya mchumaji, dereva wa lori, msimamizi wa kiwanda, mfungaji na mwenye duka. Sehemu kubwa ya chai ya Kenya huuzwa nje kupitia mnada wa Mombasa, na inayosalia ndiyo inayonyweka nyumbani.

Muuza chai wa Pumwani hana mizani ya maabara, lakini ana kipimo chake. Huchukua majani kidogo kati ya vidole na kuyasugua. Yakivunjika kwa mlio mkavu, huyatia sufuriani. Yakijikunja kimya kama karatasi iliyolowa, hujua yameingiwa na maji, na huyarudisha dukani.